Usiache posti bila kukabidhi: kijana mwenye kolesteroli ya urithi

Wewe unayefanya kazi kwenye pompi, kwenye mashini ya kuvunja mawe au kwenye tanuru, unajua sheria moja isiyo na mchezo: posti yako inapokwisha, huondoki mpaka mwenzako amefika. Unamwonyesha mashini. Unamwambia: "Pompi ya pili inapata moto, iangalie sana. Tiyo hii inavuja. Yote nimeandika kwenye kitabu." Yeye anasoma, anauliza, anatia sahihi. Hapo tu unashika njia ya nyumbani. Kwa sababu saa ile mmoja ameondoka na mwingine hajafika, ndiyo saa ambayo ajali inaingia.

Mwezi huu ukurasa wetu wa usalama na afya unataka kukueleza habari ya posti nyingine. Haifanyiki shimoni wala kiwandani. Inafanyika lopitalo, siku mtoto wako aliyefuatwa na munganga wa watoto amekuwa mkubwa na lazima apite kwa munganga wa watu wakubwa. Tutasema juu ya ugonjwa mmoja ambao watu wachache wanaujua: kolesteroli ya urithi. Wewe baba, wewe mama, na wewe kijana mwenye kusoma gazeti la baba, tusikilizeni.

MFANO MMOJA

Mfano huu tumeutunga sisi wenyewe. Lakini uangalie kama haufanani na mambo ya jirani yako.

Mfanyakazi mmoja mwenye miaka 43, mtu mwembamba, mwenye nguvu, ameshikwa na maumivu makali ya kifua akiwa kazini. Wakamchukua lopitalo mbio, akapona. Munganga akamwuliza:

— Baba yako yuko?

— Hapana, Munganga. Alikufa akiwa na miaka 45. Asubuhi, akivaa viatu vya kazi.

— Na wadogo wa baba?

— Mmoja alikufa vile vile, ghafula. Hakufika miaka 40.

Munganga akaandika, akapima damu ya yule baba, halafu akaomba watoto wote wanne waletwe. Wawili walikuwa wazima. Wawili, msichana mkubwa na kijana wa miaka 11, walikuwa na kolesteroli nyingi kupita kipimo. Kijana akaanza kufuatwa na munganga wa watoto, akapewa kidonge kimoja cha kumeza kila jioni.

Miaka saba yote ikaenda vizuri. Mama aliweka kidonge karibu na sahani ya bukari. Baba alikumbuka siku za randevu. Kijana hakukumbuka kitu, kwa sababu hakuna aliyemwomba akumbuke.

Halafu akapata diploma ya Serikali, akaenda Lubumbashi kusoma universite. Alipopita lopitalo kuchukua dawa, wakamwambia: "Wewe sasa ni mkubwa, hatukuandiki tena upande wa watoto." Lakini aende upande gani, aone nani, siku gani? Hakuna aliyemwambia. Hakupewa barua. Dawa ikaisha. Akangoja maumivu, maumivu hayakuja. Akasema moyoni: "Kumbe nimepona."

Alipofika miaka 28 akapimwa damu kwa sababu nyingine. Kolesteroli ilikuwa juu kama siku ile ya kwanza. Miaka kumi mishipa yake ya damu ilikuwa ikijaa polepole, na yeye hakusikia kitu.

Nani ana kosa? Kijana? Mama yake? Infirmie? Kila mmoja alifanya kazi yake mpaka mwisho wa posti yake. Posti haikukabidhiwa, basi.

UGONJWA HUU NI NINI?

Kolesteroli ni namna ya mafuta. Mwili unaihitaji, na ini letu linaitengeneza lenyewe. Inasafiri ndani ya damu. Ile inayojaza mishipa wanganga wanaiita LDL. Kwa mtu mzima, ini lina kama mikono midogo inayokamata LDL na kuitoa kwenye damu. Mtu mwenye ugonjwa huu amezaliwa na mikono michache, au mikono isiyoshika vizuri. Basi LDL inabaki ndani ya damu mchana na usiku, tangu siku ya kuzaliwa.

Wanganga wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, ndio waliogundua mikono hiyo ya ini, katika miaka ya 1970. Mwaka 1985 walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo.

Umeona birika la chai la muda mrefu? Ndani yake kuna mawe meupe yaliyoshika kwenye ukuta. Siku moja haikuyaleta. Yameletwa na maji ya kila siku. Kolesteroli inafanya hivyo kwenye mishipa inayolisha moyo. Mtu mwingine mishipa yake inaanza kuziba akiwa mzee. Huyu mwenye urithi anaanza akiwa mtoto, na anapofika miaka 40 mishipa yake ni kama ya mzee. Asipotunzwa, hesabu ni hii: karibu nusu ya wanaume wenye ugonjwa huu wanapata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 50, na karibu wanawake 30 kwa 100 kabla ya miaka 60.

UNAPITA NAMNA GANI KATIKA JAMAA?

Wazazi wengi wa kwetu wanajua ugonjwa wa SS. Kwa SS, lazima baba na mama wote wawili watoe sehemu yao ndipo mtoto augue. Kolesteroli ya urithi si hivyo. Mzazi mmoja tu anatosha. Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha franga juu na kungoja ianguke upande gani. Na kwa kila mimba franga inarushwa upya. Kama mtoto wa kwanza ameponyoka, hiyo haimlindi wa pili.

Wakati baba na mama wote wawili wanao, mtoto anaweza kupokea kwa pande zote mbili. Hapo ugonjwa ni mkali sana: mtoto anaota vinundu vya manjano kwenye ngozi, na moyo unaweza kuugua kabla ya miaka 20. Lakini hao ni wachache sana, karibu mmoja kwa watu 300,000. Wale wenye urithi wa upande mmoja ni wengi. Katika dunia wanahesabu karibu mtu mmoja kwa kila watu 250 mpaka 300. Uhesabu watu wa kampi yako, utaelewa kwa nini tunaandika habari hii.

Usiseme: "Huo ni ugonjwa wa wazungu", au "ni ugonjwa wa matajiri na wanene". Unapatikana kwa watu wa rangi zote. Kijana anaweza kuwa mwembamba kama fimbo, anacheza mpira kila siku, na damu yake imejaa LDL.

KUFA GHAFULA KATIKA JAMAA MOJA

Hapa tuseme wazi jambo linalosumbua jamaa nyingi. Baba amekufa ghafula na miaka 44. Kaka yake alikufa vile vile. Baada ya matanga watu wanaanza kunong'onezana: "Kuna mkono wa mtu." Wanamtazama shangazi mzee, wanamtazama mjane. Jamaa inavunjika, na watoto wa marehemu hakuna aliyewapeleka kupimwa.

Unapoona katika jamaa moja wanaume wanakufa kwa moyo kabla ya miaka 55, au wanawake kabla ya miaka 60, kwanza upeleke watoto wapimwe damu. Kipimo ni chepesi: damu kidogo kwenye labo. Mtu mkubwa mwenye LDL ya miligramu 190 kwa desilita au zaidi, na mtoto mwenye 160 au zaidi ambaye mzazi wake ana kolesteroli nyingi au aliugua moyo mapema, lazima munganga atafute kama ni ya urithi. Mara nyingine kuna alama za nje: mshipa mnene nyuma ya kisigino una uvimbe mgumu, vinundu kwenye vifundo vya vidole, duara jeupe kwenye jicho kabla ya miaka 45. Lakini vijana wengi hawana alama hata moja.

Mmoja akipatikana, ndugu zake wote wa damu wapimwe: wazazi, kaka, dada, watoto.

DAWA IPO

Mzazi, usikate tamaa. Katika magonjwa ya urithi, huu ni mmoja wenye dawa nzuri.

Dawa hizo zinaitwa statini. Ya kwanza iligunduliwa Japani na Akira Endo katika miaka ya 1970, ndani ya uvundo kama ule unaoota kwenye mkate wa zamani. Mwaka 1978, katika mji wa Osaka, munganga alimpa msichana wa miaka 18 mwenye kolesteroli ya urithi iliyo kali, na kolesteroli ikashuka. Kwa hiyo mmoja wa wagonjwa wa kwanza kutumia dawa hizi alikuwa na umri ule ule tunaousemea leo. Tangu mwaka 2007 statini imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Ziko za namna nyingi zisizo za bei kubwa. Kuna na sindano mpya zilizotoka mwaka 2015, lakini bei yao ni kubwa. Kwa wagonjwa wengi, kidonge cha kila siku ndicho msingi wa matunzo.

Mtoto anaweza kuanza kati ya miaka 8 na 10, kama munganga anaona inafaa. Je, inasaidia kweli? Uangalie kazi ya wanganga wa Uholanzi, iliyotoka mwaka 2019. Walifuata kwa miaka 20 watoto 214 wenye ugonjwa huu walioanza statini wakiwa wadogo. Halafu wakawalinganisha na wazazi wao, wenye ugonjwa ule ule, ambao wakati wa ujana wao dawa hizo hazikuwepo. Kabla ya kupita miaka 39, kati ya wazazi 26 kwa 100 walikuwa wameugua moyo au mishipa, na 7 kwa 100 walikuwa wamekufa kwa sababu hiyo. Kati ya watoto wao, 1 kwa 100 tu aliugua, na hakuna aliyekufa kwa moyo.

Jamaa ni zile zile, urithi ni ule ule. Kilichobadilika ni dawa iliyoanza mapema na iliyofuatwa. Na kufuata ndiko kunakovunjika wakati kijana anavuka.

Chakula nacho kinasaidia, lakini chakula peke yake hakitoshi kwa mwenye urithi huu. Bukari na sombe, lenga-lenga, maharagi na samaki ni vizuri. Mama apunguze mafuta ya ngazi ndani ya sufuria, atoe ngozi ya kuku, nyama yenye mafuta isiwe ya kila siku. Jamaa yote ile chungu kimoja, kijana asitengewe chakula cha mgonjwa. Acheze mpira, atembee. Tumbako asiguse kabisa: kolesteroli na sigara pamoja ni moto na petroli.

KWA NINI UMRI HUU NI WA HATARI?

Mtoto mwenye SS maumivu yenyewe yanamkumbusha. Mwenye kolesteroli hana kitu cha kumkumbusha. Dawa anameza, hasikii faida. Dawa anaacha, hasikii hasara. Na kati ya miaka 15 na 25 mambo mengi yanabadilika mara moja: masomo yanamwita mji mwingine, rafiki wanamcheka akimeza kidonge, anajaribu sigara na pombe, anataka kuamua mwenyewe. Tena, upande wa watoto alijulikana kwa jina, mama alikaa karibu naye na kusema yote. Upande wa wakubwa anasimama kwenye mstari, anaingia peke yake, munganga ana wagonjwa wengi na anamwuliza: "Una nini?" Kama hajui kujibu, atatoka na aspirini.

Kuna na jambo la karti. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri atunze afya ya mfanyakazi na ya jamaa yake. Lakini mtoto habaki siku zote kwenye karti ya baba. Siku inafika anatoka. Mzazi mwenye akili hangoji siku hiyo impate. Pita biro ya wafanyakazi mapema, uliza: mtoto wangu anatoka lini? Akiwa anaendelea na masomo, karatasi gani inaombwa? Kijana asikutwe siku hiyo bila akiba ya dawa, na ujue mbele farmasi gani inauza dawa yake na kwa bei gani.

NAMNA YA KUKABIDHI VIZURI

Kukabidhi si kazi ya siku moja. Anza mapema, polepole.

Miaka 12 mpaka 13. Mtoto ajue jina la ugonjwa wake na maana yake. Usimwambie tu "meza hii". Mweleze habari ya ini, ya mishipa, ya babu aliyekufa mapema. Usimtishe, lakini usimfiche. Mtoto aliyefichwa ataacha dawa siku ya kwanza mama akisafiri.

Miaka 14 mpaka 15. Aanze kumeza dawa bila kuitwa. Mama aangalie tu kama vidonge vinapungua sawa na siku. Kwa munganga, aingie kwanza peke yake kwa dakika chache, halafu mzazi aingie. Mzazi, usikasirike. Kuna maswali ambayo kijana hataki kuuliza mbele yako: pombe, sigara, mambo ya wasichana na wavulana. Umpe nafasi ayaulize kwa mtu anayejua.

Miaka 16 mpaka 17. Randevu aiandike yeye. Farmasi aende yeye. Namba zake azijue: LDL ilikuwa ngapi mbele ya dawa, sasa ni ngapi. Kwa watoto waliopita miaka 10, wanganga wengi wanataka LDL iwe chini ya 130. Kwa wakubwa wanataka ishuke zaidi, chini ya 100, na mara nyingi chini ya 70. Kwa hiyo asishangae kama upande wa wakubwa wataongeza dawa. Maana yake si kwamba ugonjwa umekuwa mbaya.

Siku ya kuvuka. Munganga wa watoto aandike barua. Mzazi, uiombe kama haikutolewa, ni haki yako. Uulize jina la munganga wa wakubwa atakayempokea, na siku. Kama lopitalo ni moja, uombe wanganga wawili waonane na kijana pamoja mara moja, hata dakika kumi. Kama anaenda mji mwingine, randevu ya kwanza ya kule ipatikane kabla hajapanda motokari.

Baada ya kuvuka. Miezi mitatu ikipita, uliza: "Umefika? Umemwona nani? Amesema nini?" Munganga wa watoto naye asifunge kitabu mpaka amesikia kwamba mwenzake amempokea. Hiyo ndiyo sahihi ya posti.

KITABU CHA KIJANA

Nunua kaye ndogo. Ndani yake kijana aandike kwa mkono wake:

1. Jina la ugonjwa: kolesteroli ya urithi, na mwaka ulipopatikana.
2. Jina la dawa, uzito wake kwa miligramu, saa ya kumeza.
3. Vipimo vyote vya LDL na tarehe zao.
4. Watu wa jamaa waliougua au waliokufa kwa moyo, na umri wao.
5. Dawa iliyomletea shida, na shida gani.
6. Jina la munganga wa zamani na la munganga mpya.
7. Siku ya randevu inayofuata.

Kaye hiyo asafiri nayo. Picha ya kila ukurasa akae nayo kwenye telefone. Akifika kwa munganga asiyemjua, hataanza tena na "sijui".

WEWE KIJANA

Sasa tunasema na wewe mwenyewe.

Dawa hii ni ya kila siku, na ni ya maisha. Tunajua si habari tamu kwa mtu wa miaka 17. Iweke mahali unapoweka mswaki, utaikumbuka. Ukisahau siku moja, usimeze mbili kesho, endelea tu. Ukiacha mwezi mzima kwa sababu ulichoka au franga zilikosa, usione haya kurudi. Munganga anapenda kukuona umechelewa kuliko kutokuona.

Misuli ikikuuma bila sababu, au mkojo ukiwa mweusi kama chai kali, nenda lopitalo upesi. Yako mambo ya kurekebisha: kupunguza uzito wa dawa au kuibadilisha. Usiamue peke yako kutupa chupa. Ukipewa dawa nyingine, ya farmasi au ya mizizi, sema kwanza kwamba unatumia statini, kwa sababu dawa nyingine hazipatani nayo. Na kama kanisani wanakuombea, pokea maombi kwa furaha na umeze kidonge chako vile vile.

Unaogopa kwamba ugonjwa huu utakunyima kazi? Kijana anayetumia dawa na mwenye moyo mzima anashika kazi kama wengine. Siku ya kupimwa na munganga wa kazi, mweleze kweli. Amefungwa na siri ya kazi yake, na akijua, atakulinda vizuri zaidi.

Wewe msichana, kuna neno lako. Statini kwa kawaida hazitumiwi wakati wa mimba wala wa kunyonyesha. Ukitaka kuolewa na kuzaa, ongea na munganga mbele, akuambie lini usimamishe na lini urudie. Mimba ikikuja bila kupangwa, simamisha dawa, nenda lopitalo upesi, na usiogope kupita kiasi. Lakini baada ya kunyonyesha, rudia. Mama wengi wanasahau hapo, na miaka inapita. Na mtoto wako, apimwe akiwa bado mdogo.

WEWE MZAZI

Kumwachia kijana kunauma. Miaka mingi wewe ndiye uliyelinda moyo wake. Unafikiri: nikimwachia, ataacha. Lakini kumbuka namna ulivyofundishwa kazi. Kapita wako hakukushika mkono miaka kumi, wala hakukutupa kwenye mashini siku ya kwanza. Alifanya, wewe ukiangalia. Halafu ukafanya, yeye akiangalia. Halafu akaondoka, lakini akapita mara moja moja kuona. Fanya hivyo kwa mtoto wako.

Na wewe baba, kama urithi umetoka kwako, usijione na kosa. Hakuna aliyechagua damu yake. Lakini wewe nawe meza dawa yako mbele ya watoto. Kijana anayemwona baba anaacha dawa yake, maneno yetu yote hapa ni bure kwake.

KUMBUKA

— Mtu wa jamaa aliyekufa kwa moyo akiwa kijana: pima watoto.

— Kolesteroli ya urithi haiumi. Kutosikia kitu si kupona.

— Fundisha mtoto tangu miaka 12, usingoje miaka 18.

— Hakuna kuondoka kwa munganga wa watoto bila barua, bila jina na bila siku ya randevu mpya.

— Uliza biro ya wafanyakazi mapema habari ya karti.

— Sigara hapana.

— Maumivu ya kifua, mkono au taya, jasho baridi, pumzi kukosa: lopitalo mara moja, mchana au usiku.

Ndugu mfanyakazi, jioni ya leo ukirudi nyumbani, uliza jambo moja tu. Kama una kijana mwenye ugonjwa huu, au hata ugonjwa mwingine wa kufuatwa siku zote, mwambie: "Niambie jina la dawa yako, na siku ya randevu yako." Akijibu bila kumtazama mama yake, posti imeanza kukabidhiwa. Asipojibu, keti naye, nunueni kaye, muanze ukurasa wa kwanza pamoja.

Kazi njema, na afya njema nyumbani kwenu.